Kola za Laini ya Saba

Leokadia Mkude alivaa kastabani ya kusomea, akaigusisha kwenye mshono wa lebo, akafumba macho. Kola ya kwanza ilimletea mkono mwepesi na pumzi ndefu, mkono wa mtu aliyelala vizuri akaamka akanywa chai. "Mbili," alisema, na mashine iliyokuwa pembeni yake ikaandika mbili. Kola ya pili ilikuwa tatu. Kifurushi kilichofuata kikamkamata begani. Maumivu yalipanda kutoka kwenye ncha ya kidole, yakapita kiwikoni, yakashuka mgongoni na kutulia kiunoni kama msumari. Pumzi ikawa fupi, ya mtu anayengoja kengele.

Hakuhitaji kutazama namba ya kifurushi. Ulikuwa mkono wa wifi yake Veneranda, wa laini ya saba.

Msomaji mwenzake, kwenye meza ya pili, alikuwa amefumba macho anasoma. Leokadia hakusema saba. Alikisukuma kifurushi chote, kola thelathini, chini ya meza kwa mguu, akachukua kingine.

Uzi shahidi ulikuwa umefika Morogoro miaka kumi na moja nyuma. Huko mashati yalikokuwa yakienda, watu walikuwa wamechoka kuvaa nguo wasizojua zimepita katika mikono ya nani, na mikono hiyo ilikuwa katika hali gani. Ndipo maabara moja ikatengeneza uzi wenye kiini chembamba kuliko unywele, unaonasa joto la vidole, jasho, mtetemo wa misuli na mapigo ya moyo ya anayeshona, na kuyatunza muda wote wa uhai wa nguo. Kila mshonaji alivaa pete iliyounganisha kidole chake na sindano, akashona kwa mkono wake mwenyewe lebo ya kile alichokitengeneza. Mnunuzi dukani aligusisha simu kwenye lebo akapata namba, moja hadi kumi. Sheria ya huko ilikataza kuuza chochote kilichozidi nne. Simu ilitoa namba tu. Kuusikia mwili wenyewe kulihitaji kastabani na mtu aliyefunzwa, na kila kiwanda kililazimika kuwa na watu hao ili nguo zipimwe kabla ya kusafirishwa.

Nia ilikuwa njema. Leokadia aliamini hivyo siku aliyoajiriwa, na hata sasa hakuwa amebadili mawazo. Ila sheria haikusema kiwanda kimfanye nini mtu aliyetoa saba. Mwangaza Mavazi walijitungia kanuni yao: ukizidi nne mara tatu katika mwezi mmoja, unapumzishwa. Leokadia alikuwa msomaji kwa miaka sita, na hakuwahi kumwona aliyepumzishwa akirudi.

Ilikuwa tarehe kumi na nne. Veneranda alikwisha kuzidi mara mbili.

*

Saa saba mchana, wenzake walipokwenda kantini, Leokadia aliingia stoo ya vitambaa ambako kulikuwa na cherehani moja ya zamani. Alifumua lebo za Veneranda moja baada ya nyingine, akavaa pete, akaanza kuzishona upya. Mkono wake ulikuwa na sifa kiwandani. Hata siku waliyomzika mama yake, alirudi kazini mchana akashona lebo ya majaribio, ikasoma mbili.

Veneranda aliingia na bakuli la wali na maharage lililofunikwa kwa sahani. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka arobaini na moja, na siku hizo alitembea ameegemea upande mmoja kama aliyebeba ndoo.

"Tena, wifi?"

"Tena. Kula kwanza."

"Chakula hiki ni chako, mimi nimekula." Aliegemea ukuta, akajishusha polepole mpaka sakafuni. "Nilijitahidi kupumua kama ulivyonifundisha. Lakini tangu walete zile mashine mpya tunasimama saa kumi kwa siku. Kola tisini kwa saa, wifi. Kichwa kinaweza kutulia. Kiuno kinakataa."

"Vile vidonge vya maumivu wanavyouza getini umeacha?"

"Nimeacha. Juzi nilivimeza, nikajichoma sindano mpaka ikatokea upande wa pili. Sikusikia chochote. Lebo ikasoma mbili." Alicheka kidogo.

Leokadia aliendelea kushona. "Kaka anaendeleaje?"

"Jana wamemsafisha damu. Leo ameamka anagombana na redio. Akigombana na redio ujue yuko mzima."

Damas, kaka yake Leokadia na mume wa Veneranda, figo zake zilikuwa zimekufa miaka mitatu nyuma. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki katika zahanati iliyokuwa ndani ya uzio wa kiwanda, kwa kadi ya mfanyakazi. Mfanyakazi akiondoka, kadi iliondoka naye. Hakuna aliyekuwa na haja ya kulisema hilo humo stoo.

"Siku wakikukamata?" Veneranda aliuliza.

"Watasema nini? Lebo zote zina namba nzuri."

"Zina mkono wako, wifi."

*

Jioni hiyo meneja wa uzalishaji, Bwana Apolinari Lukindo, alimwita ofisini. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwana wa Morogoro huko huko, na watu walimheshimu kwa sababu alikula kantini na wafanyakazi.

"Keti, dada Leokadia. Keshokutwa tunapata mgeni. Bi Maren Halvik, wa Bodi ya Uzi, hao wanaotupa kibali cha lebo. Nasikia ni mmoja wa waliouvumbua. Ataketi na wewe chumba cha kusomea."

"Nimesikia, meneja."

"Nataka keshokutwa laini ya saba isome mbili. Yote."

Leokadia alimtazama. "Laini ya saba inasoma saba, meneja. Unajua."

"Najua. Unadhani ufunguo wa ile stoo nilikuachia kwa kusahau?"

Miaka miwili Leokadia alikuwa ameamini kwamba ile ilikuwa siri yake, kitu kidogo alichokifanya dhidi ya kiwanda. Kumbe ilikuwa sehemu ya kiwanda, kama feni na kengele.

"Basi punguza kasi," alisema. "Wape viti. Hutanihitaji mimi."

Lukindo alivua miwani akaiweka mezani. "Kuna viwanda sasa visivyo na mkono wa mtu hata mmoja. Inaingia pamba, linatoka shati limekunjwa. Mashine haina namba, haiumwi. Shati lake linauzwa kwa lebo nyeupe, safi kuliko mbili yako. Hao ndio tunaoshindana nao, dada. Vitu visivyoumwa. Nikipunguza kasi, oda zinahamia huko. Hapa pana watu elfu mbili na mia nne, na nyuma ya kila mmoja kuna nyumba. Nionyeshe njia nyingine nitaifuata leo hii hii."

Alingoja kweli, kama mtu anayetamani ajibiwe. Leokadia aliaga akatoka, na kesho yake akatumia saa nzima ya chakula, na nusu saa aliyoiiba baadaye, kufumua na kushona lebo za watu wanane waliokuwa wamezidi nne.

*

Maren Halvik alikuwa mama wa miaka sitini na ushei, nywele nyeupe zilizokatwa fupi, viatu vya raba. Kastabani yake alikuja nayo kwenye kikopo cha bati. Alisalimia kila mtu, mpaka wafagiaji.

"Nisamehe," alimwambia Leokadia, "Kiswahili changu ni cha darasani. Nikikosea unisahihishe."

"Unaongea vizuri, mama."

Walisoma pamoja, bega kwa bega. Lukindo alikuwa amesimama mlangoni na karatasi mkononi asizozisoma. Bi Maren alisoma taratibu, akitabasamu mara kwa mara kama mtu anayesikiliza watoto wakiimba chumba cha pili.

"Mwaka wa kwanza kiwanda hiki kilikuwa na wastani wa karibu saba," alisema. "Leo ni mbili na nusu. Nina mchoro wake ukutani nyumbani. Kuna siku ninavunjika moyo, basi ninautazama ule mstari unavyoshuka."

Leokadia alijibu "Ndiyo, mama," akamsogezea kifurushi kingine.

Baada ya saa moja hivi tabasamu likatoweka. Bi Maren alirudia kola aliyokwisha kuisoma. Akarudia nyingine. Alizitandaza mezani kola ishirini, akazipitia zote kwa kidole, halafu akavua kastabani.

"Hizi zina majina ya watu wanane," alisema polepole. "Mkono ni mmoja."

Mlangoni, Lukindo alikunja karatasi zake.

"Ni mkono uliotulia sana. Umetulia kama nyumba ambayo wenyewe wamehama." Macho yake yalishuka kwenye vidole vya Leokadia, vilivyokuwa vimekunjwa juu ya meza. "Ni wako."

Lukindo alidakia. "Bi Maren, kama kuna mfanyakazi aliyefanya udanganyifu kwa akili yake mwenyewe, kiwanda kitamchukulia hatua leo hii. Kiwanda hakihusiki."

Alisema bila kumtazama Leokadia, lakini Leokadia alielewa kwamba lile lilikuwa pendekezo. Akikubali kwamba alikuwa peke yake, lebo ya kiwanda itabaki, watu elfu mbili na mia nne watabaki, yeye ataondoka na pengine kushtakiwa. Kabla ya Ijumaa kola ya Veneranda ingesoma saba bila mtu wa kuifumua. Akisema yote, Bodi ingefunga lebo, na kiwanda kisicho na lebo hakiuzi hata leso. Aliyapima yote mawili, na kila aliloligusa lilikuwa na uso wa kaka yake.

"Nipe mpaka baada ya chakula, mama," alisema.

"Kwa nini?"

"Jambo hili si langu peke yangu. Siwezi kulisema peke yangu."

*

Laini ya saba ilikuwa na watu thelathini na wawili, wote wanawake isipokuwa wawili. Walikusanyika nyuma ya marobota ya vitambaa, wengine na chakula mkononi, na Leokadia akawaeleza kilichotokea bila kupunguza kitu.

"Useme ulikuwa peke yako," alisema mmoja. "Samahani dada Leokadia, lakini wewe huna mtoto."

"Halafu wiki ijayo atakufumulia nani?" mwingine akamjibu.

"Aseme kila kitu, wafunge, tupumzike!"

"Pumzika wewe mwenye shamba Mlali. Mimi nitapumzikia wapi?"

Veneranda alikuwa ameegemea robota. Leokadia alimgeukia. "Wifi, wewe ndiye wa kwanza kuumia, kwa namna yoyote. Niambie."

"Nikuambie nini?" Sauti yake ilikuwa kali kuliko Leokadia alivyowahi kuisikia. "Unataka ruhusa ya kumwua Damas? Siitoi. Unataka nikuruhusu uende jela kwa ajili ya kiuno changu? Hiyo pia siitoi. Usiniletee mimi mambo yako mawili nichague."

Watu waliinamisha vichwa. Veneranda akapangusa uso kwa aproni, na aliposema tena alisema taratibu, kama anayelifikiria neno linapotoka.

"Huyo mama ndiye aliyeutengeneza huu uzi?"

"Ni mmoja wao."

"Amewahi kushona kola?"

"Sidhani."

"Basi msimweleze chochote. Mleteni hapa. Avae pete asimame pangu."

*

Leokadia alitarajia kwamba mgeni angekataa ombi la Veneranda. Bi Maren aliwatazama wote wawili, akauliza, "Ni sehemu yako?" Veneranda akaitikia kwa kichwa, na yule mama akavua saa yake ya mkononi akaiweka mfukoni. Lukindo alianza kusema kitu kuhusu bima, lakini akaona hakuna anayemsikiliza.

Bi Maren alianza saa nane. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza: kola inakuja kwenye mkanda, unaigeuza, unaibana, unapiga mshono wa juu, unashona lebo, unaiachia, na nyingine imeshafika. Sekunde arobaini. Dakika ishirini za kwanza Veneranda alisimama nyuma yake akimwelekeza. "Kiwiko chini, mama. Usiikimbilie, itakuja yenyewe." Kola nane zilipita bila kushonwa, taa nyekundu ikawaka juu ya laini, na wanawake wa pande zote mbili wakanyoosha mikono kumsaidia bila kuacha kazi zao. Hakuna aliyecheka.

Saa tisa aliacha kuongea. Saa tisa na nusu aliomba kwenda msalani, akaambiwa lazima ainue kibao cha kijani na kungoja msimamizi aje. Aliinua kibao. Msimamizi alikuwa mwisho wa laini, na kola hazikungoja. Saa kumi shati lake lilikuwa limeganda mgongoni na alikuwa anahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, namna ile ile ambayo kila mtu wa laini ya saba alijifunza bila kufundishwa. Saa kumi na moja kengele ililia. Alibaki ameshika ukingo wa meza, kwa sababu mkanda uliposimama alihisi kama yeye ndiye anayesonga.

Walimpeleka chumba cha kusomea. Leokadia alichukua kola zake kwa mpangilio, akafumba macho.

"Tatu," alisema. "Tano. Sita." Akaruka mpaka za mwisho. Maumivu yalikuwa mageni, ya mwili usiozoea, lakini njia yalimopita aliijua. "Nane, mama."

"Nipe."

Bi Maren alivaa kastabani yake akajisoma mwenyewe.

"Kwa kanuni za hapa," aliuliza hatimaye, "ningefanywa nini?"

"Mara tatu, ungepumzishwa."

"Na waliopumzishwa wako wangapi?"

"Kwa ninaowakumbuka mimi, mia tatu na kumi na tisa."

Bi Maren aliangalia ukuta kana kwamba ule mchoro wake ulikuwa umetundikwa pale. "Kwa hiyo mstari wangu…"

"Maumivu hayakushuka, mama. Wenye maumivu walitolewa nje, wakaingia wengine ambao hawajaanza kuumwa. Wakianza, nao wanatoka. Wengine kama wifi yangu tunawaficha: nafumua lebo zao stoo, nazishona upya."

Veneranda, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti cha msomaji wa pili, akaeleza habari za Damas. Alieleza kwa ufupi, bila kulia: figo, zahanati, kadi. "Ukiufunga huu mlango," alimalizia, "mume wangu ana wiki moja. Nimeona nikwambie uso kwa uso, usije ukasema hukujua."

"Nilidhani," Bi Maren alisema, na Kiswahili chake cha darasani kikaanza kukatika, "nilidhani maumivu yakionekana, watu watayaondoa. Tulibishana miaka minne kuhusu uzi. Unene wake, kiini chake. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema kwamba kumwondoa anayeumwa ni rahisi zaidi."

Alitoa fomu kwenye mkoba. Ilikuwa ukurasa mmoja wenye visanduku viwili mwishoni: imepita, haijapita.

"Nikiweka alama hapa, kesho lebo inafungwa. Nikiweka hapa, mimi nimekuwa ile stoo yenu."

"Andika namba ya mahali," Leokadia alisema. "Usiandike ya mtu. Sehemu ya Veneranda inatoa saba, hata wewe umesimama hapo umetoa nane. Iondolewe hiyo sehemu, si yule anayesimama."

"Fomu haina nafasi ya hilo."

"Ina upande wa nyuma."

Bi Maren aligeuza karatasi. Aliandika kwa mkono mpaka jua likaingia dirishani kwa ubavu, akiuliza neno hapa na pale. Kasi ishuke hadi kola sitini. Viti. Mtu asiachishwe kwa sababu ya namba yake. Mashati yauzwe na namba zao za kweli kwa siku tisini, kwa ruhusa maalumu hata zikizidi nne, na mnunuzi aambiwe kwa nini. Wafanyakazi wawe na kiti kimoja katika kikao cha kupanga kazi. Lukindo aliitwa. Alisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari.

"Shati lenye sita nani atalinunua?" aliuliza.

"Sijui," alisema Bi Maren.

"Na hao wa lebo nyeupe?"

"Sijui hilo pia. Lakini uliwahi kumwuliza mnunuzi yeyote, au ulidhani tu?"

Lukindo alikaa. Alichukua kalamu, akatia sahihi chini ya sahihi ya Bi Maren.

*

Bodi ilichukua wiki tatu kujibu, ikakubali kwa shingo upande, kwa siku tisini, kwa kiwanda hicho peke yake. Viti vilikuja, stuli za mbao zilizochongwa na mafundi wa Kihonda, ngumu kama kanisani, na watu wakashona mito ya vipande vya vitambaa wakaikalia. Kasi ilishuka, si hadi sitini ila sitini na tano. Mwezi wa kwanza lebo za Veneranda zilisoma sita, halafu tano. Damas aliendelea kugombana na redio. Mashati yenye sita yalikwenda, na wanunuzi wawili wakubwa walibaki, mmoja akaongeza oda kwa sababu wateja wake walitaka kufuata namba inavyoshuka, kama wanaofuata mechi. Leokadia hakujua kama hilo limfurahishe.

Mnunuzi wa tatu alihamia lebo nyeupe. Laini ya kumi na moja, iliyokuwa ikishona kwa ajili yake, ikafungwa. Watu themanini na wanne waliitwa ukumbini Ijumaa asubuhi wakapewa barua.

Leokadia mwenyewe alivuliwa usomaji kwa kosa la kufumua, akarudishwa kushona. Hakulalamika. Wenzake walimchagua akae kwenye kile kiti cha kikao, na kikao cha kwanza kilipangwa Jumatatu. Watu walimpongeza njiani. Lakini alisikia pia kwamba kuna mama mmoja wa laini ya kumi na moja anayelitaja jina lake kila anapokwenda bombani, na halitaji kwa wema. Jumamosi mchana akauliza nyumba, akaenda.

Sikudhani Omari alikuwa mama wa miaka hamsini na tatu, mnene, mwenye sauti ya chini. Alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani anachambua mchele, na hakuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nakujua. Kaa."

Leokadia aliketi ukingoni mwa mkeka. Sikudhani aliendelea kuchambua.

"Miaka tisa nimeshona vifungo," alisema. "Vifungo unashona umekaa. Sikuwahi kuzidi tatu. Asubuhi nilikuwa natangulia mapema nipate kile kiti cha dirishani, nione mlima. Mimi sikuwa naumwa, mwanangu. Umesikia watu wakikuambia kwamba wote tulikuwa tunaumwa?"

"Hapana, mama."

"Siku ile mliongea nyuma ya marobota. Laini ya saba wote. Habari tulizipata kesho yake, mambo yameshaandikwa." Alitoa jiwe dogo kwenye mchele akalitupa uani. "Sisemi mlifanya vibaya. Nimemwona wifi yako anavyotembea, na wanangu nimewasimulia. Nauliza kitu kimoja. Mimi uliniuliza?"

Leokadia alikuwa amekuja na maneno. Alikuwa ameyapanga njiani, kuhusu siku tisini, kuhusu oda mpya inayoweza kuifungua tena laini ya kumi na moja, kuhusu Lukindo ambaye angefunga laini hata hivyo siku moja. Yote yalikuwa kweli. Aliyaangalia moja moja akaona hakuna lililojibu swali.

"Sikukuuliza," alisema.

Sikudhani aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyengoja neno hilo kwa wiki nzima na sasa hajui alipeleke wapi. Jirani alipita na ndoo akasalimia, wakamjibu.

"Jumatatu kuna kikao cha kupanga kazi," alisema Leokadia. "Wafanyakazi tumepewa kiti kimoja, nikachaguliwa mimi. Nataka ukakae wewe."

"Mimi nimeshaachishwa."

"Ndiyo sababu nataka ukae. Laini ya saba watanisikia nikiwaeleza. Wakikataa nitarudi kukuambia kwamba wamekataa, sitajificha."

"Na meneja?"

"Atasema wewe si mfanyakazi. Utamwambia ulichoniambia mimi."

Sikudhani alipepeta ungo mara mbili, makapi yakaruka na kutua kwenye magoti yake. Aliyakung'uta bila haraka, akauweka ungo chini.

"Hicho kikao," alisema, "kinaanza saa ngapi?"